Uzito wa Gunia Tupu

Habari hii nilipewa na yule dada mwoka mikate, mwaka ule nilioteleza bafuni nikavunjika mkono wa kulia. Alikuwa akija kila asubuhi kunikandia unga, kwa sababu wakati huo yeye hakuwa na pa kuokea, na mikono yake, alisema, ilikuwa ikimwasha kwa kukaa bure. Alinisimulia kwa siku nne, amenipa mgongo, mikono imezama kwenye bakuli, na donge likishalainika alinyamaza hadi kesho yake. Naandika kama alivyosema. Palipomchanganya yeye pamenichanganya na mimi, na sikupanyoosha.

Dada huyo aliishi na kaka yake mkubwa, mgane asiye na mtoto, kwenye nyumba ya tatu ya mtaa wenye nyumba tano. Nyuma ya nyumba palikuwa na tanuri la matofali alilolijenga baba yao, lenye mlango wa chuma uliolegea bawaba. Kila alfajiri dada alioka mikate arobaini, na mtaa mzima ukaamka kwa harufu yake badala ya jogoo.

Kaka alikuwa mpimaji. Miaka thelathini na mmoja alipima nafaka kwenye ghala kuu, na watu walimwita Ratili, jina la uzito wa zamani ambao hata yeye hakuwahi kuutumia. Wapimaji wengi hukadiria. Gunia ni gunia, husema, kata kilo moja twende zetu. Ratili hakukata kwa kukadiria. Kila gunia alilipima kwanza likiwa tupu, akaandika. Likishajazwa alilipima tena, akaandika. Kisha akatoa la kwanza kwenye la pili, akapata uzito wa mali yenyewe. Daftari lake lilikuwa na safu tatu: jumla, gunia, mali. Alisema gunia lililonyeshewa si sawa na gunia kavu, na lenye kiraka si sawa na lisilo na kiraka, na mtu asimwambie vingine.

Wapagazi walimchoka. "Mzee Ratili," mmoja alimwambia, "ungepewa wewe kazi ya kupima roho za watu, foleni ingeanzia huko juu ikaja kuishia hapa ghalani."

"Wangepita wachache," alijibu Ratili, "lakini wangepita sawa."

Kila Jumatatu aliijaribu mizani kwa jiwe jeusi la kilo kumi kamili, alilorithi kwa mpimaji aliyemtangulia. Jiwe lile alilitunza chini ya kitanda chake, limefungwa kwenye taulo. Alipostaafu, mizani ilibaki ghalani, jiwe likabaki naye.

Mwaka unaozungumzwa joto lilikuwa limevuka mpaka. Mishumaa ilijikunja yenyewe kabatini, na kuku wa nyumba ya pili walitaga mayai yaliyokwisha kuiva. Dada aliletewa mawili, akayamenya, akayala na chumvi, akashukuru kuokoa kuni. Mvua ilikuja mara mbili, zote mbili ikamwagika baharini.

Basi waheshimiwa wakakaa kujadili. Redio ilikuwa juu ya pipa la unga, na dada aliwasikiliza siku tisa akikanda. Upande mmoja ulisema nchi iweke lengo la kupunguza moshi wake kwa theluthi moja, kabla watoto wanaonyonya leo hawajaota ndevu, kwa kuwa moshi ndio unaoifunika dunia kama blanketi na kuiharibu tabianchi. Upande wa pili ulisema sawa, lakini gharama abebe nani? Kiwanda cha saruji kikipunguza moto, watu mia nane watarudi nyumbani kukaa vibarazani. Upande wa kwanza ukauliza, na jua hili je? Upande wa pili ukasema jua si letu peke yetu, waanze waliolichokoza. Upande wa kwanza ukasema wageni kutoka nje wanakuja mwisho wa msimu na wanataka kuambiwa tarakimu. Dada aliona kila aliyesema ana haki, mpaka alipoanza kusema mwingine.

"Kaka, wewe unamwelewa nani?"

"Bado sijasikia uzito," alisema Ratili. "Nasikia theluthi tu."

Siku ya kumi, mheshimiwa mmoja aliyekuwa amelala tangu siku ya kwanza aliamka akauliza: theluthi ya ngapi? Redio ilinyamaza kimya. Ilinyamaza muda mrefu hata Ratili akaifungua akabadilisha betri.

Kesho yake karani wa kamati ya waheshimiwa hao alifika nyumba ya tatu. Alikuwa kijana mnene wa adabu, shati limemganda mgongoni. Alimkuta Ratili amepiga magoti mbele ya tanuri akikaza bawaba.

"Shikamoo mzee. Nimetumwa. Nchi nzima hakuna anayejua moshi wetu una uzito gani, na mpimaji aliyebaki ambaye pande zote mbili zinamkubali ni wewe."

"Marahaba. Moshi wenyewe unaingia kwenye gunia?"

"Wanasema ukiuwahi, unaingia."

"Kikiingia kwenye gunia kinapimika," alisema Ratili. Akanawa mikono, akaenda kulitoa jiwe chini ya kitanda.

Kazi ilichukua majuma saba. Ghala lilifagiliwa, na tangazo likatoka kwamba kila mwenye moshi achukue gunia la ghala likishapimwa tupu, kisha alete moshi wa mwezi mmoja, uliofungwa vizuri. Si kazi ngumu ukishaizoea. Unashika mdomo wa gunia juu ya bomba, unasubiri moshi uingie na utulie, kisha unafunga kwa kamba ya katani kabla haujageuka. Foleni ilizunguka ghala. Ajuza mmoja alileta moshi wa kiko chake kwenye leso.

"Huu ni wa mwezi mzima, bibi?"

"Wa jana. Ule mwingine niliumeza."

Wanawake wawili walikuwa wakitaniana nyuma yake. "Shoga, mbona gunia lako limenona hivyo?"

"Mume wangu karudi safari. Anataka maji ya moto asubuhi, anataka jioni. Utadhani nimejifungua."

Siku ya pili karani alimjia Ratili na ombi. Foleni ilikuwa ndefu, alisema, na kupima kila gunia mara mbili kunakula siku. Kwa nini wasikubaliane uzito mmoja wa gunia tupu kwa nchi nzima, kilo moja na nusu, mambo yaende?

"Kila gunia na uzito wake," alisema Ratili.

"Tofauti ni ndogo, mzee."

"Ndogo au kubwa, si yangu kuisamehe. Kila gunia na uzito wake."

Karani hakubishana. Aliyaandika maneno yale kwenye kumbukumbu za kamati kama yalivyotamkwa, akapiga mstari chini yake.

Dada alipofika mbele ya foleni, Ratili hakumsalimia kindugu. Alimpima kama alivyowapima wengine. Jumla kilo mbili na robo, gunia kilo moja na nusu. Moshi wenyewe, robo tatu.

"Wa mwezi mzima?" aliuliza dada.

"Wa mwezi mzima. Uzito wa mkate mmoja mkubwa."

"Basi mimi si mtu wa kuogopwa," alisema dada, akaenda kuuza mikate yake akiwa amefurahi, ingawa hakujua anafurahia nini hasa.

Moshi wa kiwanda cha saruji haukupanga foleni. Ulikuja kwa malori, na haukuwa wa mwezi, ulikuwa wa asubuhi moja. Gunia moja lilibebwa na wapagazi wanane, wakipumzika mara tatu kati ya mlango na mizani. Magunia yenyewe yalikuwa yaleyale ya ghala, kilo moja na nusu yakiwa tupu, mengine pungufu kidogo. Likishajaa moja lilivuta kilo mia sita. Mbao za sakafu zilibonyea. Yalipangwa kuta tatu hadi kwenye paa, na moshi wa majiko yote ya mji ukawekwa kwenye rafu moja karibu na mlango, pale ambapo zamani wapagazi walikuwa wakiweka kofia zao.

Ratili alijumlisha daftari mara mbili, akalifunga. Hesabu ilikuwa wazi hata kwa mtu anayepita njia. Alirudi nyumbani akamwambia dada yake, "Theluthi inaweza kutoka kwa kiwanda peke yake, na majiko wasiyaguse. Ukiyazima majiko yote, mizani haitajua."

Dada alinunua kuni za miezi miwili, zikapangwa kando ya tanuri.

Kwa kuwa magunia hayakuweza kuhamishwa, kamati iliyahamia. Viti ishirini vililetwa ghalani. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja wa miwani minene, mpole, mdomo wake ukinukia peremende za mnanaa. Kiwanda kilileta wakili wake, mtu mrefu mwenye sauti ya kubembelezea mtoto. Ratili aliketi kando ya mizani na daftari magotini. Dada alikuwa nyuma pamoja na watu wa mtaa, kapu la mikate miguuni, maana alijua vikao huwatia watu njaa.

Daftari lilisomwa. Walipofika kwenye kiwanda, upande uliotaka lengo uliinamisha vichwa. Lengo lao lilikuwa limekuwa kubwa mno ghafla. Upande uliohofia gharama nao uliinamisha vichwa. Gharama yao ilikuwa imepata mwenyewe. Kwa muda hakuna aliyejua nani ameshinda.

Wakili akasimama. "Sisi hatuna ugomvi na safu ya jumla," alisema. "Mzee amepima, na mzee ni mwaminifu. Hatugusi hata robo. Tunauliza habari ya safu ya pili tu. Gunia hili limebeba saruji ya hospitali, shule, madaraja. Limebeba riziki za watu mia nane. Hivi kweli, waheshimiwa, gunia linalobeba taifa zima linaweza kuwa na uzito wa kilo moja na nusu?"

Waheshimiwa waliyatazama magunia. Baadhi walikiri kwamba kweli yanaonekana mazito.

"Napendekeza," aliendelea wakili, "kwamba kila gunia la kiwanda lihesabiwe kuwa lenyewe ndilo lenye uzito huo wote. Na kwa upande wa wananchi wa kawaida, tuwaonee huruma. Magunia yao mepesi, hata mtoto anaweza kubeba. Tusiwasumbue na uzito wa gunia. Kwao gunia lihesabiwe si kitu."

Watu wa mtaa walipiga makofi, kwa sababu lilisikika kama jambo jema. Dada naye alipiga, mara mbili au tatu, kisha mikono yake ikasimama hewani.

Ratili alitoa hesabu kichwani. Jumla mia sita, toa gunia mia sita. Jumla mbili na robo, toa gunia sifuri. Aliitoa tena kuanzia chini. Ilikuwa sahihi. Hakuna mahali pa kuishika.

"Samahani mwenyekiti," alisema. "Magunia yote ni ya ghala moja. Yalishonwa na mtu mmoja."

"Tumekusikia mzee," alisema mwenyekiti kwa upole. "Lakini kumbukumbu zinaonyesha ulikataa uzito mmoja. Karani, hebu soma."

Karani alisoma bila kuinua macho. "Kila gunia na uzito wake."

Kura ikapigwa. Waliotaka lengo waliinua mikono, kwa sababu sasa lengo liliwezekana. Waliohofia gharama waliinua mikono, kwa sababu sasa gharama haikuwa kubwa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nchi iwe nchi kwa pande zote kuinua mikono kwa pamoja, na mheshimiwa yule wa usingizi aliinua miwili, ikahesabiwa mmoja. Moshi wa kiwanda ukawa sifuri. Moshi wa nchi ukawa ule wa kwenye rafu. Ili kuupunguza kwa theluthi, iliamuliwa jiko la tatu katika kila mtaa lifungwe.

"Mtaa wetu unahesabiwa kuanzia upande gani?" aliuliza dada kutoka nyuma.

Karani alitazama ramani. Watu wa juu walikuwa wamehesabu kuanzia juu, alisema, na watu wa chini wakahesabu kuanzia chini, na kamati haikutaka kumwudhi mtu, kwa hiyo ilizikubali zote mbili. Mtaa wa nyumba tano, nyumba ya tatu ni ya tatu kokote utakakoanzia.

"Tungekuwa sita, tena tukahesabiwa kuanzia chini tu," jirani wa nyumba ya nne alimnong'oneza dada, "ungepona, ningekwenda mimi."

Hapo Ratili alisimama. Ghala lilikuwa na sheria yake, ya zamani kuliko wote waliokuwamo: mzigo ukileta ubishi, mpimaji anaweza kudai upimwe upya mbele ya mashahidi. Katika miaka thelathini na mmoja alikuwa ameidai mara moja tu, kwa ajili ya mtama. Aliidai sasa. Alitaka gunia moja la kiwanda lifunguliwe, moshi utolewe, gunia tupu liwekwe kwenye mizani, watu waone kwa macho yao. Dada alisema hajawahi kumwona kaka yake amesimama wima namna ile, hata siku ya harusi yake.

Mwenyekiti alimtazama wakili. Wakili akasema, "Haki yake."

Wapagazi wanane walishusha gunia. Ratili kwanza aliweka jiwe lake kwenye mizani: kilo kumi kamili. Mizani ilikuwa sawa. Kisha akakata kamba. Moshi ulitoka polepole, ukajinyoosha kama ng'ombe anayeinuka, ukasimama katikati ya ghala ukiwa umegusa paa. Ulikuwa wa kijivu kilichokolea, na ulinuka chokaa. Waliokaa karibu walivuta viti nyuma kidogo kuupisha.

Gunia lilibaki chini limelala, bapa, tupu, na nembo ya ghala usoni. Ratili aliinama kuliokota kama alivyookota mengine maelfu. Halikuokotwa. Aliwaita wapagazi wanane, wakaliinua kwa pamoja, wakalitua kwenye mizani, na mkono wa shaba ukapanda.

Kilo mia sita.

Alilishusha, akaweka jiwe. Kumi. Akalirudisha gunia. Mia sita. Akaling'uta, akaligeuza nje ndani, akapata punje mbili za mtama wa zamani, akazitoa. Mia sita.

Ndipo akaomba gunia la dada yake. Moshi wake waliuhamishia kwenye debe wakalifunika. Gunia tupu Ratili aliliweka juu ya mizani, na mkono wa shaba haukutikisika. Gunia lenyewe liliinuka kidogo, likapepea juu ya vichwa vya waheshimiwa, likakwama kwenye boriti. Mpagazi mmoja alilishusha kwa fagio.

Karani aliandika yote mawili. Ratili alisimama na jiwe mkononi. Angesema mizani inadanganya, lakini jiwe lilikuwa kumi. Angesema amekosea yeye, lakini hakukosea. Alitafuta kati ya hayo mawili neno la tatu, na kwa hesabu alizojua halikuwapo.

"Mzee, tunasubiri," alisema mwenyekiti. "Tamka kwa ajili ya kumbukumbu."

"Kilo mia sita," alisema Ratili, kwa kuwa ndivyo ilivyosoma.

"Na lile la jikoni?"

"Si kitu."

Kisha Ratili akaunyooshea kidole moshi uliosimama katikati ya ghala. Mwenyekiti alikuwa amejifunika pua kwa leso, na mheshimiwa wa usingizi alikuwa akikohoa bila kuamka. "Na huu?"

"Huo uko nje ya gunia," alisema wakili kwa sauti yake ya kubembeleza. "Hauna safu."

Watu walipotoka, karani alibaki nyuma kumsaidia Ratili kufunga daftari. Hakuwa mtu mbaya, dada alisema, alikuwa mtu wa kuandika tu. "Ungekubali ule uzito mmoja siku ile, mzee," alimwambia, "wasingepata pa kuingilia. Walihitaji safu iliyo tofauti kwa kila gunia. Wewe ndiye pekee nchi nzima mwenye safu hiyo."

Ratili aliifuta mizani kwa kitambaa, kama kila siku.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Kazi ya kufunga kwa muhuri huwa ya mpimaji. Ni waya mwembamba na kidonge cha risasi laini, unachokibana kwa koleo hadi kiache alama yako. Ratili alipewa koleo lake la zamani na karatasi ya anwani, na mtaa wake ulikuwa wa kwanza kwenye orodha.

Walifika nyumbani saa kumi jioni, yeye na dada yake. Dada alikwenda moja kwa moja nyuma. Alilifagia tanuri, akatoa majivu, akapanguza mlango kwa kitambaa chenye maji, kama mtu anayemwandaa mgonjwa kwenda hospitali. Kisha akasogea pembeni.

"Fanya upesi," alisema. "Bado lina joto la asubuhi, utaungua."

Ratili alipitisha waya kwenye bawaba aliyoikaza mwenyewe. Haikulegea tena, ilifunga vizuri sana.

"Kaka."

"Naam."

"Wewe ndiye uliyepima?"

"Ndiye mimi."

"Ulikosea?"

"Sikukosea."

"Mizani ilikosea?"

"Jiwe lilikuwa kumi."

"Basi aliyekosea ni nani?"

Ratili alishika koleo bila kulibana. Kichwani alipita safu ya kwanza, akapita ya pili, akapita ya tatu, akarudi mwanzo. Dada alisubiri. Jirani wa nyumba ya nne, aliyekuwa akianua nguo, naye alisubiri, akiwa ameshika shuka kwa ncha mbili.

"Sijui," alisema Ratili, akabana koleo. Kidonge kikachukua alama yake.

Jioni hiyo redio ilitangaza kwamba nchi imefikia lengo lake kabla watoto wanaonyonya hawajaota hata meno. Wageni kutoka nje walisikika wakipiga makofi. Mmoja aliuliza swali kwa lugha yao, akajibiwa kwa lugha yao, wakacheka kidogo. Upande wa kwanza ulisema huu ni ushindi wa dunia. Upande wa pili ulisema huu ni ushindi wa uchumi. Kuku wa nyumba ya pili alitaga yai jingine lililoiva.

Magunia ya jikoni yalirudishwa kwa wenyewe, yakiwa sasa mali yao. La dada lilirudi na debe la moshi wake, na kwa kuwa gunia halikuwa na uzito tena, ilibidi alifunge kwenye mguu wa meza lisipotee. Lilikaa hewani usawa wa kichwa, likizunguka taratibu kila mtu alipopita. Dada alifunua debe kidogo, akanusa, akalifunika.

"Kesho utafanya nini?" aliuliza Ratili.

"Kesho nitaamka saa tisa ya alfajiri kama siku zote. Baada ya hapo ndiyo sijui."

Waoka mikate hulala mapema. Jua lilikuwa bado ukutani, rangi ya chungwa, dada alipojilaza upande wake wa chumba na kugeukia ukuta. Usingizi ulimjia kwa mazoea. Baada ya muda ngumi zake zilianza kwenda mbele na kurudi juu ya godoro, mbele na kurudi, zikikanda.

Ratili alikaa kitandani akalitoa jiwe kwenye taulo, akalipima kwa kiganja cha kulia, akalipima kwa cha kushoto. Kumi, na kumi. Hilo lilimchanganya kuliko yote, kwamba jiwe lilikuwa bado kumi. Alilifunga, akalirudisha chini ya kitanda, akajinyoosha.

Hapo ndipo moshi ulipoingia. Ulikuwa ule wa ghalani, uliotolewa kwenye gunia na kukosa safu. Ulikuwa umetembea mtaa hadi mtaa, na watu walikuwa wakiufungia madirisha kama wanavyomfungia mgeni wasiyemjua, bila ubaya. Ulipita chini ya mlango, ukajikusanya chumbani, ukalizunguka gunia linaloelea bila kuligusa, kisha ukaja ukaketi kwenye kitanda cha Ratili, miguuni pake. Kitanda kililia. Chaga moja ikapasuka.

Hayo Ratili alimwambia dada yake asubuhi, bila kuulizwa, akionyesha ile chaga. Alisema alifikiri kuamka kuita mtu, lakini hakujua angemwita nani, na angesema kimekaa nini, na kwa uzito gani. Akasogeza miguu kuupisha. Moshi ukajiegemeza, ukatulia.

Kisha naye akalala.